Pini Juu ya Bega

Jioni hiyo pini haikuanguka.

Tangu msiba, Kitinda alikuwa akijisahau kila siku. Kila jioni alikaa mbele ya kioo chumbani kwake, akazikusanya nywele juu na kuzisokota fundo, kama walivyotakiwa wafanyakazi wote wa mapokezi ya hoteli alikofanya kazi, kisha mkono wake, wenyewe tu, ukapitisha pini juu ya bega kumpa dada yake. Dada yake alikuwa kaburini. Kila mara pini ilianguka sakafuni, naye alilia kidogo, akaiokota, akajibana ovyo na kwenda zamu yake ya usiku na kisogo kilichovurugika. Tangu utotoni walisukana wao kwa wao. Kinyozi hajinyoi, walikuwa wakitaniana, na hakuna kati yao aliyewahi kujifunza kujifunga nyuma.

Lakini jioni hiyo vidole baridi viliipokea pini kutoka mkononi mwake, vikaichomeka palepale panapotakiwa. Kitinda hakugeuka. Kwenye kioo aliuona uso wake peke yake, na nyuma yake kitanda na ukuta. Chumba kilijaa harufu ya udongo uliolowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Kisha akasikia chuma kikigonga meno. Marehemu alikuwa na tabia ya kushikilia pini mdomoni huku akiongea.

"Inamisha kichwa," sauti ikasema.

Akainamisha. Wewe ungefanyaje? Aliyemlilia mtu mpaka machozi yakamkauka haulizi maswali mtu huyo akirudi. Kazini wenzake walimzunguka wakimtania: ukiona vyaelea vimeundwa, basi awataje waliomuunda, saluni ipi hiyo. Akacheka tu.

Ikawa hivyo kila jioni. Akapendeza kichwa, akakonda mwili. Kila alipofumua, nywele zilitoka kwa mafungu, na kisogoni pakabaki ngozi tupu, baridi, isiyosikia hata akiifinya. Chakula kikamshinda. Msimamizi wake wa kazi ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwa Bi Godoro, mama mshona magodoro ambaye pia hutibu watu walioingiwa na pepo.

Bi Godoro alimgusa kisogo, akauondoa mkono haraka na kuufuta kwenye nguo yake. Akasema yule si dada mtu. Ni jini mpita njia, amekuta mkono umenyooshwa na hakuna wa kuupokea, akaupokea yeye.

"Hatoki kwa kufukuzwa, anatoka kwa kunyimwa," alisema. "Jifunge mwenyewe, mwanangu, mpaka pini ya mwisho. Atakuomba kwa sauti unayoipenda. Usimpe. Asipokaribishwa na mtu yeyote ndani ya nyumba ile, atakwenda zake."

Kitinda alirudi nyumbani akamweleza mama yake yote. Mama alisikiliza huku akichambua mchele. Tangu amzike binti yake mkubwa, mwanamke yule alikuwa mtu wa kuitikia tu. Safari hii aliuliza kama sauti ile ni ya marehemu kweli. Kitinda akamjibu kwamba ni ya kuigiza. Mama akatikisa kichwa, akaendelea na mchele. Kitinda hakujiuliza kwa nini kigoda cha jikoni siku hizi kilikaa ukumbini, nje ya mlango wa chumba chake.

Jua lilipozama aliurudishia mlango, akakaa, akazikusanya nywele zilizobaki, akazisokota, akapeleka pini ya kwanza nyuma mwenyewe, akajichoma, akapeleka nyingine, na harufu ya udongo ikaja, na baridi ikampanda mgongoni, na meno yakaanza kugonga chuma karibu kabisa na sikio lake, hata akaisikia pumzi, na ndani ya pumzi ile sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, ikisema taratibu, bila hasira yoyote:

"Nipe, mdogo wangu. Utajiumiza."

Alitamani kumpa. Alijua hataisikia tena sauti ile maisha yake yote.

"Dada yangu amekufa," akasema. "Nilimfumba macho mwenyewe."

Akaichomeka pini ya mwisho. Fundo lilikaa upande, lilikuwa baya. Lakini baridi ikaachia, na ngozi ya kisogo ikaanza kuuma pale alipojichoma, naye akayashukuru maumivu hayo huku akilia. Harufu ikarudi nyuma kuelekea mlangoni. Alisikia nyayo zikienda, kisha zikasita.

"Mama," sauti ikaita kwa unyonge. "Amenikataa."

Kitinda aliruka kutoka kitini, lakini kitasa kilikuwa kimeshageuzwa kutoka nje, mlango uko wazi. Mama yake alisimama ukumbini, mikono ameifungua, usoni ana furaha ambayo nyumba ile haikuiona tangu msiba.

"Niko hapa, mwanangu," akasema, na mikono ile ikafungana taratibu juu ya mgongo usioonekana.