Taa ya Mwandu

Maiti ya mlinzi Mwandu ilikutwa asubuhi ndani ya nyumba ya darubini, juu ya kilima nje kidogo ya Butiama, kichwa kimepasuliwa kwa nondo. Miguu ilikuwa mitupu. Ndala zake zilikuwa zimevuliwa vizuri mlangoni, zimejaa tope la mvua ya jioni.

Inspekta Siwema alifika kutoka Musoma saa tatu, akakuta wananchi wenye hasira wameshajichukulia sheria mkononi. Keraryo, mchungaji aliyewahi kugombana na mlinzi huyo kwa ajili ya malisho, alikuwa amelala chini, mikono imefungwa kamba, akipumua kwa shida.

"Za mwizi arobaini, afande," alisema Mugeta, mkuu wa sungusungu, rungu mkononi. "Huyu alikuwaga anawamezea mate mbuzi wa Mwandu."

"Mbuzi wenyewe wako wapi?"

Mugeta akaonyesha kibanda cha mlinzi. Mbuzi jike alikuwa pale pale na kitoto alichokizaa usiku, na juu yao ilining'inia taa, imezimwa. Siwema alitamani kumtandika Mugeta kwa rungu lake mwenyewe. Mwizi gani wa mbuzi anaua mtu, kisha anaacha mbuzi?

Akamkimbiza Keraryo hospitali. Ndani ya nyumba ya darubini mlikuwa na giza, hivyo akamwamuru Thadeo, fundi wa darubini, afungue paa linaloendeshwa kwa umeme apate mwanga, kisha akakata umeme ili pasiguswe kitu. Sakafu nyeupe haikuwa na tope hata chembe.

"Hapa watu huingia na viatu?"

"Hapana, afande. Vumbi linaharibu kioo cha darubini. Wote tunavuaga mlangoni, hata Daktari."

Mtu wa nje anayekuja kuua havui viatu. Zaidi ya marehemu, waliozoea kuvua walikuwa wawili: Thadeo, aliyekesha msibani Kamunyonge mbele ya ukoo mzima, na bosi wake, Daktari Debora, mtaalamu wa nyota, aliyefika mchana akitokea Bunda.

"Sikuwepo," Debora alisema. "Darubini inajiendesha yenyewe. Kila usiku inapiga picha viini vya galaksi za mbali, ambako shimo jeusi likimeza nyota, kiini huwaka. Na jana mtandao ulikatika na mvua. Hata ningetaka, nisingeweza kuigusa nikiwa Bunda."

Siwema akamgeukia Thadeo. "Hebu tuone picha."

Thadeo akafungua kompyuta mpakato iliyohifadhi picha za usiku. Picha moja ilikuwa imeharibiwa na weupe wa taa. Tatu zilizofuata zilikuwa safi, galaksi ile ile.

"Ikijiendesha hairudii, afande," alisema, akikwepa macho ya bosi wake. "Lazima mtu abonyeze humu ndani."

"Basi nani alibonyeza, Daktari? Na nani alizima taa mbuzi akiwa anazaa?"

Debora akazisogelea picha.

"Miaka saba nimekingoja kiini kile kiwake," alisema. "Kimewaka jana. Nikamwambia Mwandu azime taa, akasema mbuzi anateseka, nisubiri. Nikamwita aone alivyoniharibia. Akavua ndala, akaitazama picha, akasema, 'Si kamwanga tu, mama.'"

"Ukampiga."

"Nondo ilikuwa karibu. Kisha nikaenda kuzima taa."

"Na Keraryo?"

"Mugeta alinipigia simu asubuhi, akauliza marehemu alikuwa na ugomvi na nani. Nikamtajia jina."

Mugeta, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangusha rungu.

Simu ya Siwema ikalia. Alisikiliza, akaitia mfukoni.

"Keraryo amekufa," alimwambia Mugeta. "Na wewe panda gari."

Debora hakusikia. Pingu mikononi, alikuwa akitazama wingu zito likitanda juu ya paa lililo wazi.

"Kioo kitalowa," alisema. "Nani atafunga paa?"

"Hakuna," Siwema akajibu, akamsukuma nje.

Matone ya kwanza yalianza kugonga chuma cha darubini nyuma yao. Hapo ndipo Debora alipolia, kwa mara ya kwanza siku ile.