Aliyebebwa Kimya Kimya

Waliondoka Igowole saa kumi na moja na nusu jioni, wamechelewa saa tatu nzima, na kosa lilikuwa la Faraji. Mwanamume akikutana na rafiki yake wa biashara ya mbao, hata kama ni likizo, hata kama mkewe ameshakaa garini na watoto wawili, lazima waende kwanza kuangalia mbao. Nusrat alinuna, na alikuwa na haki ya kununa. Ilikuwa wiki ya pili tangu watoke Mbeya kuwazungusha watoto kwa ndugu na jamaa: Anwari wa miaka miwili na nusu, mtundu asiyetulia hata usingizini, na mdogo wake Bibie wa miezi minne. Jioni hiyo walitakiwa wafike Iringa mjini kwa mama yake Faraji, ambaye alikuwa hajamtia machoni mjukuu wake mchanga.

Tekla, mke wa mwenyeji wao, alisaidia kupakia nepi, chupa za chai na kiroba cha viazi. Kisha akarudi mlangoni mwa chumba walicholala wageni, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeita watoto waje kula.

"Anwari, twende. Bibie, twende."

"Unamwita nani tena, dada? Wote wako garini," Nusrat akacheka.

"Ndiyo sisi huku tunavyofanya, mama Anwari. Mahali mtoto mchanga alipolala usingizi, ukiondoka unamwita kwa jina lake. Mwili unaubeba wewe. Yeye mwenyewe lazima aitwe."

Nusrat alitabasamu kwa adabu, akaaga. Yeye alizaliwa Mbeya, lakini alilelewa na bibi mwenye asili ya pwani, na bibi huyo alimfundisha jambo lililo kinyume kabisa: ikishaingia Magharibi, jina la mtoto halitajwi nje ya nyumba, kwa sababu wapo wanaosikiliza. Mambo mengi ya bibi aliyaacha. Hilo hakuliacha.

Nusu saa baadaye, katikati ya msitu wa misonobari, tairi likapasuka.

Faraji alishuka akilaani barabara, tairi na aliyemuuzia tairi. Udongo wa pembeni ulikuwa laini, jeki ikawa inazama. Ukungu ulishaanza kushuka na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma. Anwari akalilia kushuka. Bibie akaanza kukohoa. Hatua chache ndani ya miti Nusrat aliona moto mdogo, na mwanamke mmoja amechuchumaa akiuchochea kwa magome.

"Kamwene," mwanamke alisalimia.

Nusrat aliitikia vivyo hivyo. Ndilo neno pekee la Kihehe alilolijua.

"Mlete hapa mtoto. Pana joto."

Alikuwa mtu mzima, wa kuitwa bibi. Mikono ilikuwa safi mno kwa mtu anayechochea moto. Hewa yote ilijaa harufu ya utomvu na moshi, lakini Nusrat alipokaribia alisikia harufu nyingine, na akashangaa. Mwanamke yule alinuka maziwa. Maziwa ya mama anayenyonyesha.

Angeweza kurudi garini. Baadaye alijilaumu sana kwa kutofanya hivyo. Lakini garini kulikuwa na baridi, milango iko wazi, na mtoto anakohoa. Akatandika khanga juu ya majani makavu ya misonobari, akamlaza Bibie, akakaa kando yake na Anwari mapajani. Bibie akalala palepale.

"Mzuri," mwanamke alinong'ona. "Anaitwa nani?"

Jua lilikuwa limeshazama. Nusrat akatikisa kichwa. "Kwetu saa hizi hatutaji jina, bibi. Nisamehe."

Mwanamke akamtazama. Kisha akacheka kidogo, bila sauti.

"Basi hana jina."

Faraji akapiga honi. Tairi tayari. Nusrat akakumbuka maneno ya Tekla, akafungua mdomo amwite mtoto... akaufunga. Magharibi hii, msituni, mbele ya mtu asiyemjua? Hapana. Akamnyanyua Bibie taratibu, asimwamshe, akamshika Anwari mkono, akaondoka bila kusema neno.

Garini Anwari hakutulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, anatazama walikotoka.

"Mama. Mtoto."

"Mtoto huyu hapa, nimempakata."

"Siyo. Mtoto yuko kule kwa bibi."

"Anwari, kaa chini," Faraji alisema.

"Tumemwacha! Mtoto analia!"

Nusrat akamtazama Bibie. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa amelala, hakuwa analia. Alikuwa anatazama juu tu, paa la gari. Akampa titi, hakulishika. Akamgusa shavu, la baridi. Akamfinya kidogo mguu, Mungu amsamehe, akamfinya tena kwa nguvu zaidi.

Hakulia.

"Baba Anwari... huyu mtoto hayuko sawa."

"Amechoka. Sote tumechoka."

Nusrat aliogopa sasa. Akampigia Tekla. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, lakini swali la Tekla lilifika lote.

"Alilala mahali njiani?"

"Alilala."

"Ulimwita?"

Nusrat akaanza kueleza habari ya Magharibi, Tekla akamkatiza.

"Rudini. Rudini sasa hivi, kabla moto haujazimika. Mwite mara moja tu, kwa nguvu. Ukirudia, huwezi kujua nani ataitika. Halafu..."

Simu ikakatika.

Faraji hakuwa mtu wa mambo hayo. Alisema ni ushirikina, akasema Mafinga kuna hospitali na taa zake zinaonekana pale mbele. Kisha akawasha taa ya ndani, akamtazama mwanawe usoni. Akageuza gari.

Moto ulikuwa umebaki makaa mawili matatu. Mwanamke hakuwepo. Nusrat alishuka na mtoto kifuani, akapapasa majani mahali alipotandika khanga. Palikuwa na joto. Makaa hayakuwa tena na joto la kufika hapo, na ukungu umelowesha kila kitu, lakini pale, mahali pa kumtosha mtoto mmoja tu, palikuwa na joto na pakavu.

Akaita.

"Bibie!"

Kimya. Akakumbuka ameambiwa mara moja. Lakini ni mama gani ataita mara moja na kunyamaza?

"Bibie! Bibie, twende! Bibie!"

Mtoto kifuani akashtuka, akakunja ngumi, akaangua kilio.

"Alhamdulillahi!" Faraji alipiga kelele kutoka barabarani. "Umemsikia? Analia! Njoo, njoo tuondoke!"

Nusrat alikimbia huku naye analia, kwa furaha, akajikwaa, akajirusha garini. Mtoto alikuwa na joto sasa. Alirusha miguu, akamkamata kidole mama yake, akakibana. Anwari alikuwa amepitiwa na usingizi. Nusrat akafungua sweta, akampa titi. Mtoto akalivamia kwa pupa, akavuta, akaliachia, akalia tena. Hakukuwa na kitu. Akampa la pili. Nalo kavu.

Faraji akaondoa gari.

Ndipo Nusrat alipokisikia.

Kilitoka kwenye misonobari, nyuma ya moto. Kilio chembamba, chenye kikwikwi katikati, kile cha Bibie anapoona amecheleweshwa. Alikijua kwa miezi minne, usiku na mchana.

Na maziwa yakashuka. Yalishuka matiti yote mawili kwa pamoja, kwa nguvu, yakalowesha blauzi na sweta mpaka tumboni. Mwili wake uliitikia kabla yeye hajawaza lolote.

"Vipi?" Faraji aliuliza. Alikuwa hajasikia. "Kuna ulichosahau?"

Nusrat akamtazama mtoto aliyempakata. Hai, ana joto, ana njaa. Angeweza kumwamsha Anwari amuulize. Hakumwamsha. Ili ampate yule kule, ingembidi kwanza huyu amwache pale chini, na kama amekosea atakuwa amemtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Kilio kikaja tena, mbali kidogo zaidi, kana kwamba aliyembeba ameanza kutembea.

"Hakuna," akasema. "Endesha."

Akapandisha kioo. Mtoto akalishika titi tena, safari hii likiwa limejaa, akanyonya bila kusita mpaka Iringa mjini.