Darubini ya Bwana Unga

Asubuhi ile mashine ya kusaga ilikuwa ikiunguruma kama kawaida yake, na mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia, anakunywa chai. Jina lake halisi wateja walishalisahau. Nywele, nyusi na kope zake zilikuwa nyeupe mwaka mzima, basi wakamwita Bwana Unga. Ndani, mkewe alikuwa anafunga mifuko. Binti yao, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa anawasimulia wateja ndoto ambayo huenda hata hakuiota. Nyumba ya amani, ndugu zangu. Adui wao alikuwa mmoja tu, panya wa ghalani, na kwa ajili ya panya hao Bwana Unga alikuwa na bunduki ya upepo.

Ndipo pikipiki ikazimika mbele ya mlango. Akashuka mwanamke wasiyemjua, sanduku begani.

"Hodi hapa! Naomba maji ya kunywa, vumbi limenimaliza."

"Karibu, dada. Hapa kwetu vumbi ndiyo kazi."

Mgeni akacheka, akanywa, akaiona bunduki ukutani. "Unalenga kwa macho matupu?" Akafungua sanduku lake la biashara. Juu ya kitambaa cheusi zililala darubini za bunduki, fupi na ndefu.

Bwana Unga akanyanyua iliyo ndefu kuliko zote, akaielekeza kwenye mti ulio ng'ambo ya uwanja. Ndege wa manjano, ambaye siku zote kwake alikuwa doa tu kwenye majani, alikuwa amemjia hadi puani. Alikuwa anasuka kiota: anapitisha unyasi kwa mdomo, anauzungusha, anauvuta ukakazika, huku mguu mmoja umeshikilia kitanzi. Kifua chake kidogo kilipanda na kushuka.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe anafunga fundo!"

"Hiyo haikufai, kaka," alisema mgeni. "Bunduki yako ya upepo ni ya springi. Ikifyatuka inaruka nyuma kisha mbele, italegeza vioo vyote. Na panya wako ni wa karibu. Hii inakuza mno, utaona sharubu usimwone panya. Chukua hii fupi, inastahimili springi na kwa karibu haileti ukungu."

"Fupi haionyeshi unyoya."

"Kwani unataka kupiga panya au kutazama ndege?"

"Muulize vizuri, wifi," mkewe akadakia kutoka ndani, "maana hata mimi sijui!"

Wateja wakaangua kicheko. Bwana Unga akang'ang'ania ile ndefu, akalipa. Mgeni akaifunga juu ya bunduki, akakaza skrubu, kisha akamtazama usoni. "Basi sikia. Darubini inakaa juu, mtutu uko chini yake. Kwa karibu, pale jicho linapoona sipo risasi inapopita. Na usitumie bunduki kutazama kitu usichotaka kukipiga. Ukitaka kutazama, fungua darubini uishike mkononi."

"Nimesikia, dada."

Alisikia kweli. Lakini kufungua skrubu na kuzikaza tena ilikuwa kazi, naye akaona uvivu.

Msinielewe vibaya, wasomaji wangu. Kustaajabu si kosa. Juu ya paa la ghala, alikopanda kila siku na bunduki yake, Bwana Unga aliona vitu ambavyo wengi wetu tutazikwa bila kuviona. Aliona utando wa buibui umebeba umande, na ndani ya kila tone jua zima limejikunja. Aliona kumbikumbi akijivua mbawa kama mtu anayevua koti akifika nyumbani.

"Mama Chiriku! Njoo uone jua ndani ya tone!"

"Mkanda wa mashine unateleza, unga unatoka na chenga, watu wanakasirika, na wewe uko juu na matone yako! Shuka!"

Hakushuka. Wateja wakaanza kupungua. Siku moja jirani yao seremala alipiga kelele kutoka uani kwake: "Bwana Unga, geuza hicho kitu! Nitazame kwa macho kama binadamu mwenzio!"

"Usijali, jirani, natazama tu!"

"Wewe unajua unatazama tu. Mtutu nao unajua?"

Bwana Unga akacheka. Laiti angelia.

Siku mayai ya yule ndege yalipoanguliwa, Bwana Unga alikuwa ghalani. Alikuwa ametia risasi, anamvizia panya, panya akapotea nyuma ya magunia. Mara akasikia sauti ya Chiriku kutoka mtini: "Baba! Wametoka!" Akapanda paani mbio na bunduki ile ile, risasi ikiwa ndani.

Chiriku alikuwa amekwea hadi chini ya kiota, anasogeza majani ili baba yake aone vizuri. Lakini ndani ya duara la darubini hapakuwa na Chiriku. Palikuwa na midomo midogo iliyoachama, myekundu ndani kama kaa la moto, na ngozi changa isiyo na unyoya, na chini ya ngozi hiyo moyo unadunda. Moyo! Bwana Unga alisahau ghala, mashine na dunia. Alisahau pia kwamba kidole chake kilikuwa kimekaa pale kilipozoea kukaa, kwenye kifyatulio.

Kukasikika mlio mkavu. Kiota hakikutikisika. Chini yake mtoto akapiga ukelele mmoja, kisha Chiriku, asiyenyamaza hata usingizini, akanyamaza.

Risasi ilikuwa imegonga tawi ikapasuka, na kipande kikaingia pembeni ya jicho la Chiriku. Hospitalini kilitolewa. "Jicho bado lipo," daktari alisema, "lakini kama litaona, tutajua siku ya kufungua bandeji."

Mama yake akalala naye wodini. Bwana Unga alipoaga, Chiriku akamshika kidole. "Baba, siku ya kunifungua nitaogopa. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu."

"Hata mashine ikiwa na watu?"

"Hata ikiwa na watu."

Siku hiyo ilipofika, lori la shule ya bweni lilikuwa mlangoni, limejaa mahindi. Ilikuwa kazi ambayo ingeirudisha mashine yake kwenye uhai.

"Nisagie asubuhi hii," alisema mpishi mkuu, "na muhula wote ni wako."

"Nitasaga mchana. Binti yangu ananingoja."

"Wanafunzi wangu nao wananingoja, mzee. Mchana nitakuwa kwa mwenzako."

Bwana Unga akatazama yale magunia. Akafunga mlango, akaondoka. Nyuma yake alisikia lori likigeuza.

Alifika hospitalini, daktari tayari ameshika mkasi. Bwana Unga akamshika Chiriku mkono hadi bandeji ikaanguka. Daktari akapima, akatabasamu. "Linaona," akasema, akamkaribisha Bwana Unga atazame kupitia mashine ya macho. Akainama. Aliona mduara wa kahawia wenye nyuzi nyuzi, kama bonde linaloonekana kutoka angani, na katikati mboni nyeusi ikijifinya kwa mwanga.

"Baba, umeona nini?"

"Nimekuona wewe."

Mkono wa mtoto bado ulikuwa ndani ya wake.

FUNZO

Ndugu zangu, chagueni chombo kwa kazi yake, si kwa tamaa ya macho yenu. Anayenunua darubini ya bunduki anunue inayolingana na bunduki hiyo na umbali wa anachokilenga. Anayetaka kutazama uzuri wa dunia, na autazame, ni haki yake, lakini asiutazame nyuma ya mtutu. Kinachoonekana ndani ya duara ni kidogo. Mara nyingi tunaowapenda wamesimama pembeni yake.