Safu Nyeusi ya Daftari

Kila siku masomo yakiisha, Rébecca alipita kwenye kituo cha afya cha Saio, mjini Bunia, kumngoja mama yake aliyekuwa akisafisha vyumba pale. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwandiko mzuri kuliko wa darasa zima, hata kuliko wa mwalimu Donatien, ingawa hilo hakuna aliyethubutu kulisema.

Ndiyo maana mwalimu alimpa kazi. Jumamosi kituo kilikuwa kinatimiza miaka kumi na mmoja. Rébecca alitakiwa kunakili ukurasa wa kwanza wa daftari la zamani la kituo kwenye karatasi kubwa ya kubandikwa ukutani, wazazi waone kilivyoanza.

Daftari lilinuka moshi. Safu ya kwanza: jina la mtoto. Ya pili: miezi. Ya tatu: kilo. Ya nne ilikuwa imepakwa wino mweusi kutoka juu hadi chini, ila neno la kichwani lilisomeka bado: kabila.

"Angalia, mutu alimwanga wino," Rébecca alimwambia Stéphane, jirani yake wa dawati, aliyekuja kumsumbua.

"Basi jaza weye. Hawa watoto si ni siye? Josaphat iko ule wa nyuma, mwenye kusinzia. Priscille iko ule mwenye kulia akipata tisa juu ya kumi. Tunawajua wote, hata chawa zao!"

Wakajaza safu ya nne ya karatasi kubwa, kila mtoto na kabila lake, huku wakicheka. Mstari wa saba ulikuwa wake mwenyewe: Rébecca, miezi miwili, kilo tatu.

"Kilo tatu! Hata kuku ya Noeli inakupita!"

Akajijaza na yeye. Hakusikia kitu. Habari za vita vya makabila, vilivyokuwapo alipozaliwa, kwake zilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiufinya hauumi. Nyumbani, mama yake akiulizwa kuhusu mwaka ule, aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Twa, twa, twa. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ijumaa akaja Mama Charlotte, muuguzi aliyeanzisha kituo. Alisoma karatasi yote. Hakugomba. Rébecca angependa agombe.

"Nani alikuambia ujaze hapa?"

"Hakuna, Mama. Nilifikiri wino ulimwangika tu."

"Ni mimi nilipaka."

Akavuta kiti, akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa. Kituo kilianza mwaka wa 2003 kwenye baraza ya nyumba yake, na mizani moja iliyotundikwa kwenye boriti. Kina mama walitoka pande zote mbili za vita, maana watoto wote walikuwa wamekonda sawasawa. Asubuhi moja akasikia kwamba watu wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza nani ni nani. Akachukua chupa ya wino.

"Walipofika wakafungua daftari. Wakakuta miezi na kilo. Wakaniuliza, hawa watoto ni wa nani? Nikawajibu, ni wa mizani. Wakaenda."

Akagonga karatasi kwa kidole. "Kesho bamama watakaa benchi moja, kama kila juma. Wakisoma hii yako, nani atabaki amekaa?"

Rébecca akaivuta karatasi kwake. "Niandike upya, Mama?"

"Hapana. Paka."

Akapaka polepole. Stéphane akaitwa amshikie karatasi, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Mstari wa saba ulimeza wino mwingi kuliko mingine.

"Mwandiko iko muzuri," Mama Charlotte akasema. "Lakini sikia, mutoto. Ukikuta mutu amefuta kitu, uliza kwanza sababu. Kujaza kitu usichokijua si kazi. Ni uvivu wenye mwandiko muzuri."

Jumamosi kina mama walipita mbele ya karatasi mmoja mmoja, kisha wakakaa kwenye benchi lao. Hakuna aliyeuliza kuhusu ule weusi. Mama yake Rébecca alikuwa wa mwisho. Akatua ndoo, akaweka kidole chenye sabuni kwenye zile kilo tatu.

"Ile siku ulilia sana," akasema. "Mama Charlotte alikupa kidole unyonye, mpaka bale batu ba bunduki wakaenda."

Rébecca akangoja anyamaze, kama kawaida. Mama yake akavuta pumzi, akaendelea kusimulia.