Koti Fupi la Shangazi

Kawia ufike, walituambia. Hawakutuambia kwamba wapo wanaofika wakakuta waliowahi wamekaa mlangoni, wamenyoosha miguu makusudi ili mchelewaji asipite.

Shangazi alikuwa na miaka arobaini na sita. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake wa udaktari, vijana wabichi ambao mmoja wao aliwahi kufutwa kamasi naye alipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Sasa walikuwa pamoja mwaka wa mwisho, na wote walivaa koti jeupe linaloishia kiunoni. Katika hospitali ile koti refu la magotini ni la daktari, fupi ni la mwanafunzi. Kwa msichana wa miaka ishirini na mitatu koti fupi lilikuwa urembo. Kwa Shangazi, mwenye nyonga za mama wa watoto wawili na shungi la mvi alilokataa katakata kulipaka rangi, lilionekana kama nguo ya kuazima.

Mchana mmoja, saa ya kutazama wagonjwa, lifti iligoma. Ukumbi wa chini ulijaa watu wenye mabakuli, chupa za chai na mafurushi ya shuka. Mbele yao fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti, ovaroli ya buluu imemkaa vizuri mabegani, bisibisi ameiuma kwa meno. Aligeuka, akaziona zile mvi na lile koti.

"Jamani, mpisheni daktari bingwa!"

"Mimi si bingwa," Shangazi alisema. "Ni mwanafunzi."

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima. "Mwanafunzi? Makubwa haya!" alisema mama mmoja aliyekumbatia chupa ya chai. "Basi na mimi kesho narudi chekechea!"

Fundi hakucheka. Alisimama, akajifuta mikono kwenye mapaja. "Unisamehe, dada. Nilidhani koti lilikuwa refu, likarudi kwa kufuliwa."

"Na mimi nilidhani wewe fundi, kumbe lifti imekushinda."

"Loo! Ulimi huo unapasua bila ganzi. Unakwenda ghorofa gani?"

"Ya nne. Upasuaji."

"Ingia, imeshakubali. Ikianguka, tutaanguka wote wawili, angalau nitakuwa na daktari karibu."

"Mwanafunzi."

"Kwenye lifti yangu vyeo natoa mimi."

Shangazi alishuka ghorofa ya nne, namba yake ya simu ameshaitoa, akitabasamu peke yake kama mwehu. Jioni ile simu zikaanza.

"Umekula, daktari wangu?"

"Acha kuniita daktari. Bado."

"Nikuite nani basi? Kipenzi? Hicho cheo hakina mtihani."

"Mtihani upo, ila wewe hujaona maswali."

"Nipe hata la kwanza, nijaribu bahati."

"Swali la kwanza: mtu mzima mwenye mvi anamwita mtu mzima mwenzake kipenzi. Hana haya?"

"Hana. Nipe maksi zangu."

Walipendana hivyo, kwa mzaha, kama watu waliosahau kwamba inawezekana. Jumapili Shangazi alikwenda kwa Fundi amevaa gauni la maua madogo ya manjano, naye akamsubiri mlangoni kwa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama visu. Fundi alikuwa mjane. Mkewe, mpishi wa shule, aliwahi kusema amechoka kidogo tu, anakwenda kumaliza kazi atarudi. Alirudishwa na watu. Fundi aliyasimulia hayo mara moja tu, tena akiwa ameugeukia ukuta.

Shangazi alitaka kitu kimoja. Idara ya upasuaji ilikuwa imebakiza nafasi moja ya daktari tarajali, yaani yule anayemaliza masomo akafanyishwa kazi kwanza chini ya wakubwa. Hospitali mbili nyingine zilishampigia simu, zikauliza umri, zikashukuru. Hii ikimponyoka, koti refu atalivaa lini? Na mwenye kugawa nafasi alikuwa mkuu wa idara, mzee mrefu mwenye miwani ya dhahabu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa.

Bingwa hakuwahi kumtukana. Alimhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Wakizunguka wodini, mbele ya wagonjwa, alisema, "Mama, vuta kiti ukae. Hawa watoto watasimama." Watoto wakatazama viatu vyao na kubana vicheko. Shangazi hakukaa hata siku moja.

Ndiyo maana miguu ilivimba. Jumapili nyingine alisinzia kwa Fundi kikombe kikiwa mkononi. Fundi alimvua viatu taratibu, akaona jinsi mikanda ilivyochimba nyama. Akakaa sakafuni akiitazama miguu ile mpaka chai ikapoa, na aliyekuwa akimwona pale si Shangazi.

Siku mbili baadaye alikuwa ndani ya lifti akiijaribu, Bingwa akaingia.

"Fundi, nasikia wewe na yule mama yetu ni kitu kimoja."

"Watu wana midomo, Daktari."

"Mimi nakuuliza kwa wema. Kwangu ni kusimama kutwa, na kuitwa saa yoyote. Ataweza?"

Angeweza kusema "muulize mwenyewe." Angeweza kukohoa tu. Lakini woga ulimpanda, akadhani ndio mapenzi.

"Daktari, anachoka. Miguu inavimba mpaka inatisha. Mkimpa kliniki, kazi za kukaa, mtakuwa mmemwokoa."

Lifti ikafika ghorofa ya nne. Bingwa akampiga bega kwa upole, akatoka.

Usaili ulifanyika chumba cha mikutano, meza ndefu, jopo la madaktari watano. Shangazi alijibu yote: mshono, damu, homa ya baada ya upasuaji. Alijibu kwa sauti ile ya darasani. Kisha Bingwa akavua miwani.

"Mama, elimu unayo, hakuna anayebisha. Lakini tuambiane ukweli. Miguu yako inavimba. Hata mwenzio wa nyumbani anasema tukuhurumie."

Shangazi alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya wakwe.

"Nani kasema?"

"Fundi wa lifti. Anakupenda, usimlaumu."

Alivuta pumzi. "Daktari, wewe una mvi kuliko mimi. Una wajukuu. Na kila asubuhi unashika kisu, unapasua watu. Nani aliyewahi kukuuliza habari za miguu yako?"

Daktari mmoja kijana alicheka kabla hajajizuia. Cheko lile ndilo lililomaliza kila kitu. Uso wa Bingwa ulibadilika rangi, akasema usaili umefungwa.

Shangazi alishuka ghorofa nne kwa ngazi. Simu ililia njiani, akaikata. Ikalia, akaikata. Ya tatu akapokea.

"Kipenzi, vipi? Umepata?"

"Uliwapelekea miguu yangu."

"Nini?"

"Miguu yangu, Fundi! Uliyoivua viatu wewe peke yako. Umeichukua ukaiweka juu ya meza yao."

Fundi akajibu kwa sauti ya mtu anayezama: "Nisikilize. Niliogopa. Nilishazika mmoja. Njoo, nikuoe. Acha haya mateso, mimi nafanya kazi, kaa nyumbani upumzike, nikutunze..."

Wanawake wangapi huota kuambiwa maneno hayo! Shangazi aliegemea ukuta wa ngazi, watu wakimpita na mabakuli yao.

"Bingwa amenipa kiti," alisema. "Wewe unanipa kitanda. Mna tofauti gani?"

Akazima simu. Wiki ile yote alipanda kwa ngazi. Fundi alimsikia akipita nyuma ya ukuta, alizijua hatua zake, naye akabaki ndani ya kisanduku chake cha chuma, kinapanda, kinashuka, na yeye hafiki popote. Hakula. Alimpigia mpaka akaizoea sauti ya mwanamke wa mtandao anayesema hapatikani.

Mwishoni akafanya alichopaswa kufanya mapema. Alipanda kwa Bingwa.

Shangazi alipoitwa ofisini asubuhi ile, alimkuta Fundi amesimama kando ya meza, ovaroli ina grisi, macho yamezama.

"Mwenzio amekuja kuyala maneno yake," Bingwa alisema.

"Nilisema woga wangu, Daktari," Fundi alisema. "Sikusema habari zake. Sijui anachoweza. Sikuwahi kumuuliza."

Hakumtazama Shangazi. Ila Shangazi alimtazama sana, na kitu kilichokaza kifuani tangu siku ya ngazi kikalegea kidogo, kwa maumivu.

"Mimi ni mtu mzima, sina kinyongo," Bingwa aliendelea. "Nafasi sijaigawa. Lakini ulinivunjia heshima mbele ya jopo. Kesho ingia kikaoni, uombe radhi, tuyamalize. Fundi, wewe una busara. Mwambie."

Fundi alijua neno hilo moja lingemvika Shangazi koti refu. Alitamani kumpigia magoti alitamke.

"Nilimsemea mara moja, Daktari, nikamharibia. Ana mdomo wake."

Shangazi alisogea, akaushika mkono ule wenye grisi, akaubana.

"Mama," Bingwa alisema polepole, "tusidanganyane. Ukitoka hapa, naipa kijana nafasi. Na wewe, kwa umri wako, nani mwingine atakupokea?"

Hakuna. Shangazi alilijua jibu hilo kuliko Bingwa. Aliiona miaka yote ya vitabu, macho yaliyouma, watoto waliojipikia wenyewe, yote inamtazama ikimsihi. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Machozi yakamlenga, wala hakuyafuta.

"Sikukutukana, Daktari. Nilikuuliza ulichoniuliza."

"Samahani moja tu, mama. Inakugharimu nini?"

"Siombi radhi."

"Fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri. Siombi."