Mbuzi Ambaye Hakuwepo

Hélène na mume wake Edmond walilima maharagwe pale Kibua. Hawakuwa na mbuzi hata mmoja. Kumbuka hilo.

Siku moja mama mmoja mgeni alimtaka binti yao Bibiche, wa miaka kumi na minane, akapike kwa wachimbaji wa madini ya koltani kule Rubaya. Walimwamini upesi. Kwa nini? Eti alisali vizuri kabla ya kula!

Jirani yao Anne, wa kamati ya kulinda vijana, alikuja mbio.

"Mama Bibiche, sala haiko adresi! Atalala kwa nani? Mutu wenu muzima amusindikize kwanza, aone kazi."

"Mgeni anasema kesho njo siku ya mwisho ya kuenda," Hélène alijibu.

"Basi mupatane neno la siri. Akiwa mu hatari, aulize kitu chenye hamuna."

Bibiche alicheka. "Nitauliza mbuzi yetu!"

Asubuhi Bibiche na yule mama waliondoka kwa pikipiki ya Hubert, kijana wa hapo hapo. Anne aliandika namba ya simu ya Hubert.

Alasiri simu ililia. Namba ngeni.

"Mama, niko muzuri," Bibiche alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Mbuzi yetu imezaa?"

Hélène alibana simu sikioni. Nyuma ya mwanawe alisikia mtu akipumua.

"Imezaa," alijikaza.

"Batoto batatu?"

"Ndiyo, batatu."

Simu ikakatika. Hélène alikimbia kwa Anne. "Mutoto wangu iko mu hatari! Nazani wako mabinti batatu!"

Anne hakumlaumu. Alimpigia Hubert.

"Niliwaacha Masisi, nyumba ya mabati ya buluu nyuma ya soko," Hubert alisema. "Yule mama alimunyanganya Bibiche karte yake ya uchaguzi, njo kitambulisho chake."

Anne aliwapigia wenzake wa kamati ya Masisi, akawaelekeza nyumba ile. Halafu wakangoja. Edmond alizunguka nyumba. Hélène alilia: "Nimetoa mutoto wangu juu ya sala moja!"

Jua likishuka, simu ililia tena.

"Mama, ni mimi. Walitufungia ndani, lakini kamati imekuja na shefu, mukubwa wa hapa. Tumetoka, sisi wote batatu."

Wale mabinti wengine wawili walikuwa wa kijiji cha Buleusa. Siku hizi Kibua hakuna kijana anayefuata kazi kabla mzazi hajaiona kwa macho, na karte yake hampi mtu.

Wazazi wa Buleusa walimletea Hélène mbuzi kushukuru. Ikabidi nyumba ya Hélène ibadilishe swali lao la siri. Jipya sikuambii.