Jibu la Mgahawani

Mgahawa ulifurika watu wa mapumziko ya mchana. Kwenye meza ya pembeni, dada mmoja mtengeneza programu, gauni la rangi ya haradali limemkaa sawasawa, alikuwa akiigombeza kompyuta yake.

"Hapo hupiti," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, kashika sahani hana pa kukaa.

"Unaiandikia konstrakta, kile kipande cha kuundia vitu, aina ya data kwenye mabano. Konstrakta haiitwi kwa jina, kwa hiyo huna pa kuiandika hiyo aina. Ipe kitu kitupu cha aina unayotaka, lugha ya programu itatambua yenyewe."

Akajaribu. Kosa likatoweka. Badala ya kushukuru, akafunika skrini kwa kiganja.

"Umeanza kunichungulia saa ngapi?"

"Tangu nilipokosa kiti."

Akacheka bila kupenda, akaondoa mkoba kitini.

Mapenzi yakakolea, na shaka nayo ikakolea. Kijana alikuwa ameajiriwa na washindani wa kampuni ya binti. Halafu simu zake! Ikilia tu anatoka kibarazani, ananong'ona, anarudi meno nje.

"Nani huyo, mpenzi?"

"Mambo ya kazi, kipenzi."

Kazi gani inachekewa vile?

Asubuhi moja bosi akamwita binti. Washindani wametoa programu yenye mbinu ya kitu kitupu, ileile aliyoitumia yeye.

"Nani mwingine aliiona kazi yako?"

Damu ikamchemka. Akampigia kijana simu.

"Kumbe ulinizoea ili unichote siri!"

"Kipenzi, mbinu ile ni ya watu wote. Hakuna njia nyingine—"

"Usiniite kipenzi!" Akakata.

Hasira ilipopoa, akafungua maktaba ya misimbo inayokuja na lugha yenyewe ya programu. Mbinu ileile imo humo, haijafichwa. Akamwonyesha bosi, bosi akajikuna kidevu, ya kazini yakaisha. Ya simu je?

Jioni akaenda kwake kuomba radhi. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Hapana, asijue kwanza," kijana alikuwa akinong'ona.

Radhi akaisahau. Akamnyang'anya simu. "Wewe mwanamke ni nani?"

"Mwanamke? Mimi shangazi yako! Salamu huna?"

"Shikamoo, shangazi."

"Kila siku kijana wako ananiuliza wazee wake waje lini kuposa," shangazi akaendelea. "Nami namwambia anyamaze kwanza, nimlainishe baba yako. Leo analia umemwacha. Umemwacha kwa lipi?"

Akaishusha simu, akamgeukia kijana. "Nilikuita mwizi."

"Uliniita."

"Na shangazi nikamdhania hawara."

"Nimesikia!" simu ikafoka.

Kijana akacheka, lakini macho yalikuwa bado yana jeraha. Binti akamshika mkono.

"Nisamehe. Na hayo ya wazee, niulize mimi kwanza."

Kijana akamuuliza papo hapo, "Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Lakini kuanzia leo, simu unapokelea humu ndani."